Kura Moja Iliyoharibika

Kura ya kunong'ona haiharibiki. Karatasi ndiyo huharibika: mtu anatia alama mahali pasipotakiwa, au anaikunja ikiwa na wino mbichi. Lakini mtu akikuinamia sikioni akakutajia jina, nawe ukaliandika, hapo kinaharibika nini? Swali hilo ndilo lililomfanya Inspekta Msaidizi Getruda Mwikwabe alisome kwa mara ya tatu daftari la Nathanieli, katibu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa soko la Mwigobero pale Musoma, asubuhi ya Jumamosi tarehe ishirini na mbili Agosti, mwaka 1998. Katibu mwenyewe alikuwa akijipindapinda kwenye kiti kama aliyekalia siafu.

Daftari lilikuwa safi. Waliopiga kura, mia mbili na kumi na wawili. Masudi Kitwana, fundi redio, kura mia moja tisini na nane. Wengineo, kura kumi na tatu. Iliyoharibika, moja.

Sasa ngoja tuelewane kuhusu kura hizo, maana mtu wa mbali anaweza kudhani ni za udiwani. Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, karakana ya Bernado pale Mwigobero ililipuka. Bernado alikuwa fundi wa kuyeyusha alumini: unampelekea masufuria mabovu na vipande vya injini, anavitia kwenye tanuri, anamimina kwenye kalibu za mchanga, unaondoka na sufuria mpya. Alikufa palepale. Alikufa Jeska, mama aliyekuwa akimpelekea uji, na akafa mteja mmoja aliyekuja kuchukua mwiko. Kiatu kimoja cha Jeska kilikutwa juu ya paa la banda la dagaa, hatua sitini kutoka pale. Watu waliokiona hawakula siku ile.

Na zilikuwa zimepita siku kumi na mbili tu tangu bomu la ubalozi kule Dar es Salaam. Redio ilikuwa haizungumzi kingine. Neno lenyewe, ugaidi, wauza nyanya wa Mwigobero walikuwa hawajawahi kulitamka. Wiki mbili baadaye walilitamka kwa ufasaha kuliko bei ya nyanya. Amri zilishuka kutoka juu: kila mgeni aandikishwe, kila begi lipekuliwe, kila mkoa uoneshe umefanya nini. Hilo la mwisho ndilo lililouma, maana mkoa usio na la kuonesha hutafuta.

Masudi alipatikana kabla ya jioni. Alikuwa mtu wa Ujiji, ana miaka kumi na mmoja Musoma, Mwislamu, hana mke, na asubuhi ileile alionekana akiingia kwa Bernado na mfuko. Dukani kwake zilikutwa nyaya, betri, saa mbili za mezani na barua ya binamu yake aliyeko Muskati. Jamani, fundi redio! Angekutwa na nini, majembe? Lakini hofu ikishakaa kwenye kiti haiulizi maswali ya namna hiyo. Ijumaa sungusungu wakaitisha mkutano wa wafanyabiashara wote wa sokoni. Mkuki ukalazwa chini, kila mtu akauruka na kuapa kwamba atamtaja yule anayemjua kaleta kifo, na kwamba akisema uongo kifo hicho kimrudie yeye. Kisha mmoja mmoja wakapita kwa Nathanieli kumnong'oneza.

Leo saa kumi jioni ndege ilikuwa inatua Musoma kumchukua Masudi. Ingekuja na wakubwa wawili kutoka Dar es Salaam na wachunguzi wa kigeni wawili, na wangempeleka wapi hakuna aliyethubutu kuuliza. Kazi ya Getruda ilikuwa ndogo mno: kupanga jalada liwe nadhifu. Bahati mbaya, au nzuri, yeye ndiye aliyeipima ile karakana kwa futi kamba, na vipimo vilikuwa vimekataa kumnyamazia.

Matofali ya tanuri yaliruka kuelekea nje, pande zote nne. Benchi alipoacha mfuko wake Masudi lilikuwa limeungua tu, na ndani ya mfuko mabaki ya redio mbovu yalikuwa bado yameshikana. Na kwenye ubao wa mlango Getruda aling'oa kwa koleo vipande saba vya alumini nyembamba. Vitatu kati yake vilikuwa na umbo la ncha ya mrija, iliyozibwa. Alivitia kwenye bahasha ya kaki akampelekea mkuu wa upelelezi wa mkoa, Afande Kwangu, na Afande Kwangu akasema ataviona mkemia.

"Nathanieli," alisema Getruda, akaliweka daftari mezani. "Kura ya kunong'ona inaharibikaje?"

Katibu alikohoa. Alianza kwa kueleza jua lilivyokuwa kali, foleni ilivyokuwa ndefu, na wazee wanavyochanganyikiwa. Getruda alimwacha amalize yote, akabaki anamtazama. Nathanieli akainamisha kichwa.

"Ni mama mmoja tu, afande. Alijitaja mwenyewe."

"Alisemaje?"

"Alisema, andika Marcelina. Nikamwambia, mama, unatakiwa umtaje aliyeleta kifo. Akasema, ndiyo, nimeruka mkuki, andika Marcelina. Nikaona hajaelewa. Nikaandika imeharibika."

Alimjua wapi mama huyo? Nathanieli alisema ni mama wa Kiabakari, anashuka sokoni mara mbili kwa wiki na mizigo ya vyuma chakavu, anarudi na dagaa. Kwa kuzaliwa ni mtu wa Buswahili, ila aliolewa Kiabakari, na mumewe alishafariki. Na hivyo vyuma chakavu alikuwa akimuuzia nani? Hapo katibu aliinua macho, na ilikuwa wazi kwamba jambo lile lilikuwa halijawahi kupita kichwani mwake hata mara moja.

"Bernado," alisema.

Getruda hakuaga.

Koplo Eliasi, dereva wake, alikuwa mtu asiyeuliza safari inakwenda wapi mpaka wamefika nusu. Saa tatu na nusu Land Rover ilikuwa imeshatoka mjini. Pale Makutano, inapochepuka njia ya Butiama, walikuta kizuizi na foleni ya magari kumi na mawili. Askari walikuwa wakiteremsha abiria na kumwaga mabegi barabarani. Mama mmoja mwenye baibui alikuwa amesimamishwa pembeni peke yake, juani, na mtoto mgongoni, na kosa lake halikuwa zaidi ya baibui. Wakati Getruda akipigana na foleni, lori lililosheheni vyuma chakavu lilipita likipungiwa mkono, kwa sababu dereva alikuwa mtoto wa hapohapo na anajulikana. Nusu saa nzima iliishia pale, na Getruda alikuwa akitazama saa yake kila dakika.

Nyumba ya Marcelina ilikuwa nyuma ya barabara pale Kiabakari, nyumba ya matofali mabichi, uwanja umefagiliwa. Mama mwenyewe alikuwa wa miaka hamsini na ushee, mwembamba, rozari shingoni. Alipoliona gari la polisi hakukimbia wala hakushtuka. Aliwaletea stuli mbili, akaketi chini mwenyewe, akasema amekuwa akiwangoja tangu Jumatano.

Getruda alimwambia hakuja kumkamata. Alimwambia anataka tu kujua kwa nini alijitaja.

"Mwanangu, niliruka mkuki," alisema Marcelina. "Ningemtaja nani? Yule fundi redio simjui. Bernado mimi ndio nilimuua. Nilimpelekea vitu ya wafu."

Akaeleza, na maelezo yake yalikwenda kwa utaratibu wa mtu aliyeyarudia mengi usiku akiwa peke yake. Nyuma ya kilima palikuwa na stoo ya mgodi wa zamani, iliyofungwa tangu wenye mgodi walipoondoka, yeye akiwa ameolewa pale karibuni. Zamani pale walifukiwa wachimbaji, na watu wazima walikuwaga wanakataza mtu kuchukua hata msumari. Miaka yote alitii. Lakini maisha yalivyokaza, na vyuma chakavu vilivyoanza kuwa na soko, akaona wafu hawana kazi na bati. Wiki mbili zilizopita ukuta wa stoo ulianguka, akaingia, akakuta makasha ya mbao.

"Kulikuwa na nini ndani?"

"Vimirija. Vyeupe, vya alumini, saizi ya kidole hiki. Upande mmoja wazi, upande mwingine umeziba. Vingi, mwanangu. Nikasema Mungu kanikumbuka."

Getruda alivijua. Chuoni Moshi walioneshwa vitu hivyo siku moja tu, juu ya meza, na mkufunzi aliwakataza hata kupiga chafya karibu yake. Fataki. Ndizo wachimbaji wanazofungia kwenye utambi kuamsha baruti mwambani. Moja tu inatosha kung'oa mkono wa mtu, na zikizeeka zinakuwa na hasira zaidi. Huyu mama alikuwa amezibeba kichwani, kwenye debe, kilomita na kilomita, akazipandisha kwenye basi, akazishusha Mwigobero, na Bernado wa watu akazimwaga kwenye tanuri linalowaka akidhani ni alumini.

Hapakuwa na gaidi. Hapakuwahi kuwa na gaidi. Palikuwa na debe moja.

Marcelina alisema alikuwa hajafika hata barabarani aliposikia mshindo, akageuka, akaona moshi, akajua wafu wa mgodini wamefuata mali yao. Polisi hakuwaambia kwa sababu polisi hawana dawa ya mambo hayo. Alikwenda kwa padre, padre alikuwa safarini. Ndipo mkuki ulipolazwa.

"Mama, sikiliza," alisema Getruda. "Si wafu. Vile vimirija vina baruti ndani. Moto ukivigusa vinalipuka, viwe vya nani. Umenielewa? Vyovyote vile. Sasa niambie, debe lile ndilo lilikuwa lote?"

Marcelina alimtazama. Ilimchukua muda, na Getruda aliona neno moja moja likiingia. Kisha mama aliweka mkono kwenye rozari.

"Nilijaza debe na gunia," alisema. "Debe ni la Bernado. Gunia nilimpelekea Magesa wa Bunda, Jumatatu. Sikujua, mwanangu. Nilidhani aliyekosewa ni Bernado peke yake."

"Huyo Magesa anayeyusha lini?"

"Yeye anangojaga siku ya mnada. Jumamosi."

Koplo Eliasi, aliyekuwa amesimama kando akitafuna kijiti, alikwenda kwenye gari bila kuambiwa akaliwasha.

Kabla hawajaondoka Getruda aliingia stoo ndogo ya mama. Makasha yenyewe Marcelina alikuwa ameshayapasua kuni, ila mfuniko mmoja aliufanya mlango wa banda la kuku. Ulikuwa na maandishi ya kigeni yaliyochomwa kwa chuma cha moto na, chini yake, mwaka: 1961. Getruda aliung'oa, kuku wakatawanyika. Ushahidi wa namna hiyo mpelelezi huupata mara moja katika maisha, fataki za tangu enzi za mkoloni zilizofungwa kabla Masudi Kitwana hajaota jino. Akamwambia Marcelina apande gari, aende akalioneshe gunia, kisha aandikishe maelezo Musoma.

"Ni maelezo tu, mama. Jioni utakuwa nyumbani."

Marcelina alimwomba jirani amfungie kuku, akapanda.

Njiani Getruda aliita kituo cha Bunda kwa redio ya upepo. Akaita tena. Mara ya nne ndipo alipoitikiwa na askari wa zamu, sauti imechoka. Getruda alimweleza: karakana ya Magesa, nyuma ya mnada, moto usiwashwe, watu waondolewe. Askari alisikiliza, akauliza kama hiyo ni amri ya operesheni ya magaidi. Maana operesheni, alisema, imewachukua askari wote. Wengine wanalinda benki, wengine tangi la maji, wengine kinu cha pamba. Yeye yuko peke yake na mahabusu thelathini na mmoja, wote wageni waliokosa barua za mjumbe, na akitoka hao watatoka pia. Getruda alimwambia watu watakufa. Askari alijibu kwa adabu kabisa kwamba ataandika kwenye kitabu cha matukio.

Kisha akaita Musoma, akampata Afande Kwangu mwenyewe. Alisema kwa kifupi alichokipata. Afande Kwangu akasema asiseme zaidi redioni, aje na alichonacho, na awahi kabla ya saa kumi.

Kutoka Kiabakari mpaka Bunda si mbali, lakini siku ya mnada ng'ombe wote wa dunia huwa barabarani. Eliasi alipiga honi mpaka honi ikakwama. Getruda alikuwa ameshika mpini wa mlango, mfuniko wa kasha magotini, akimwuliza Marcelina mambo ya kipolisi, gunia la rangi gani, lilifungwa na nini, nani aliliona. Marcelina alikuwa anajibu huku midomo ikiendelea na sala.

Walifika saa saba na robo. Moshi ulionekana kutoka mbali, mnyoofu, wa mkaa mzuri.

Karakana ya Magesa ilikuwa banda la bati lililo wazi pande tatu. Katikati tanuri lilikuwa limeshakuwa jekundu, likipulizwa na feni la bati linalozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Wateja kama tisa hivi walikuwa wamezunguka na masufuria yao mabovu, wakipiga soga, wengine na watoto. Magesa, mtu mnene wa makamo, alikuwa na karai mikononi. Karai la kwanza lilikuwa limeshaingia, masufuria tu. Hili la pili alikuwa amelipandisha usawa wa kifua, na ndani yake, juu kabisa, vilikuwa vinang'aa vimirija.

"Fundi Magesa," aliita Getruda. Hakupiga kelele. Baadaye alishindwa kueleza kwa nini hakupiga kelele. "Usimwage."

Magesa aligeuza kichwa, akaona sare, akanuna. Alisema kadi yake ya kodi iko nyumbani, barua ya mjumbe anayo, na yeye si mgeni, kazaliwa hapahapa, waulizeni wote hawa. Huku anasema, karai liko juu ya mdomo wa tanuri, na joto linalifikia. Getruda aliona tone la jasho la Magesa likidondokea ndani na kufuka mvuke.

"Najua, fundi. Rudi nyuma hatua moja. Taratibu. Usitikise."

Labda ni uso wake. Labda ni Marcelina, aliyekuwa ameshapiga magoti vumbini bila kuambiwa. Magesa alirudi hatua moja, kisha ya pili, na Eliasi akalipokea karai kwa mikono yote miwili akaenda nalo uwanjani akitembea kama mwenye mayai. Getruda aliwaamuru watu waondoke, na safari hii alipiga kelele kweli. Masufuria yaliachwa. Banda likabaki tupu ghafla, moto unanguruma peke yake.

"Gunia liko wapi?"

Magesa alinyoosha kidole. Kwenye kona, hatua nne kutoka kwenye tanuri, mke wake Eufrasia alikuwa ameketi juu ya gunia, amejiegemeza, ananyonyesha mtoto wa miezi mitatu. Cheche za mkaa zilikuwa zimetoboa matundu madogo kwenye pindo la gunia. Getruda aliyahesabu, maana macho yake yalikataa kutazama kingine: matano.

Getruda alikwenda akamshika Eufrasia mkono, akamwinua polepole, akamtoa na mtoto mpaka barabarani. Mama yule alikuwa anacheka kwa aibu, anafunika titi, anauliza kuna nini mbona hivyo. Mumewe alipoelezwa zile fataki ni nini alikaa chini mzima mzima. Alisema alipozipokea aliona zina unga ndani, na Alhamisi alikuwa amepanga kuzigongagonga na nyundo autoe, ila akaitwa msibani. Alisema hivyo mara tatu, kwa maneno yaleyale, kana kwamba hakuna aliyemsikia.

Walizima moto kwa mchanga. Gunia walilizungushia mchanga uliolowa, Eliasi akamwita mgambo mmoja wa mnada alilinde kwa mbali. Getruda alichukua fataki tatu tu, akazilaza kwenye kopo lililojaa pamba, akalipakata mwenyewe. Alikuwa na mfuniko wenye mwaka, alikuwa na kitu chenyewe, alikuwa na aliyeuza na aliyenunua. Kesi kama hiyo hata hakimu aliyelala angeielewa. Aliwaambia wote wawili waje Musoma wakaandikishe maelezo kabla ndege haijaruka, maana kule mahabusu kuna mtu asiye na hatia. Magesa alikubali haraka. Alikuwa hataki kubaki karibu na lile banda. Eufrasia aliuliza mumewe atarudi saa ngapi. Jioni, alisema Getruda.

Saa tisa na dakika hamsini Land Rover iliingia uwanja wa ndege wa Musoma. Ndege ilikuwa imeshatua. Ilikuwa ndogo, nyeupe, mlango wazi, na chini ya bawa walisimama wazungu wawili wenye miwani ya jua na mabwana wawili wenye suti. Masudi Kitwana alikuwa ameketi kwenye nyasi, pingu mikononi, jicho moja limevimba likafunga. Miguuni hakuwa na viatu.

Getruda aliwaacha mashahidi wake garini, akamwendea Afande Kwangu, akampigia saluti, akamweleza yote. Aliyapanga vizuri: matofali, mfuko, vipande saba, kura iliyoharibika, stoo ya mgodi, debe, gunia. Alimwonesha mfuniko, akamwekea kidole kwenye mwaka. Alimfungulia kopo. Afande Kwangu hakumkatiza hata mara moja. Alikuwa mpelelezi mzuri, Afande Kwangu, kila mtu mkoani alilijua hilo, na Getruda alijifunza kazi kwake. Alipomaliza kusikiliza alivua kofia akafuta jasho.

"Nimekuelewa," alisema. "Nimekuelewa vizuri sana, Getruda. Ndivyo ilivyokuwa, sina shaka."

Getruda alishusha pumzi.

"Lakini wakubwa wametangaza saa saba redioni kwamba Musoma imekamata gaidi. Nchi nzima imesikia. Hawa wamesafiri kutoka mbali. Sasa unataka niende pale chini ya bawa niwaambie nini? Kwamba ni mama mwokota vyuma?"

"Ndiyo, afande."

"Haya." Akavaa kofia. Akauchukua mfuniko, akaugeuza juani, akawaita wale mabwana wenye suti. Walikuja, na wazungu wakafuata. Afande Kwangu alizungumza nao pembeni, Kiingereza cha taratibu, akiwaonesha maandishi ya kigeni. Kidole gumba chake kilikuwa kimekaa juu ya mwaka. Mzungu mmoja alilitazama kopo, akapiga mluzi, akampa Getruda mkono na kumpongeza kwa dhati.

Ndipo Getruda alipoelewa. Gunia zima la vilipuzi. Kasha kutoka ng'ambo. Aliyeuza, aliyenunua, na karakana ya pili ambayo ilikuwa ilipuke siku ya mnada, watu wamejaa. Kila kilichokuwa kinamwokoa Masudi alikuwa amekileta yeye mwenyewe, kwa gari la serikali, kwa haraka, na sasa kilikuwa kinamfunga Masudi na wengine wawili juu yake.

"Afande," alisema Getruda. "Ni mashahidi wangu. Wamekuja wenyewe."

"Wamekuja wenyewe," alikubali Afande Kwangu. "Itakuwa nafuu kwao. Ndege ina nafasi saba." Akamwita Eliasi alete pingu mbili. Eliasi alisimama, hakusogea, mpaka alipoitwa kwa cheo chake.

Magesa alipiga kelele. Alimtaja mkewe, akamtaja mtoto, akasema yeye ni mfuasi wa dini anayelipa kodi, na ilibidi askari watatu wamtoe garini. Marcelina hakupiga kelele. Alishuka mwenyewe, akakung'uta kanga yake, akatembea mpaka pale, na alipoziona pingu akanyoosha mikono yote miwili mbele kwa utii, jinsi mtu anavyonyoosha kwa daktari. Masudi, pale kwenye nyasi, aliwatazama watu hawa wawili ambao hakuwahi kuwaona maishani mwake.

Fomu ilikuwa imeshajazwa, imebaki sehemu moja, jina la afisa mkamataji. Afande Kwangu aliiweka juu ya boneti la Land Rover, akamshikisha Getruda kalamu.

"Mwanangu," aliuliza Marcelina, pingu zikifungwa, "haya ndiyo yale maelezo?"